Kizazi Kikishuka: Yanayowezekana Kabla ya Kisu

Mitumbwi ya dagaa ikirudi alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, wavuvi waliokesha na taa huenda kulala, na wanawake ndio wanaoianza siku. Dagaa hupimwa, hujazwa kwenye mabeseni, hutwikwa kichwani na kupandishwa hadi sehemu ya kuanikia. Hapo mama huinama, hutandaza, huinuka, kisha hurudi ufukweni kufuata beseni jingine. Dagaa wakishaanikwa yanabaki maji ya nyumbani, kuni na mtoto wa mgongoni. Wengi wao wameshazaa mara tano, sita au zaidi, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambako familia bado ni kubwa.

Baadhi yao wana jambo wasilolisema. Ikifika jioni wanahisi uzito chini ya kitovu, kana kwamba kuna kitu kinataka kudondoka. Wakinawa wanagusa kinundu laini ambacho asubuhi hakikuwepo. Mkojo hautoki wote, au unachuruzika wakipiga chafya. Mgongo wa chini unavuta. Usiku wakijinyoosha kitandani vyote vinatulia, na kesho yake vinaanza upya. Mama mkwe haambiwi, mume haambiwi, na nesi wa zahanati ni binti wa umri wa mtoto wao wa tatu. Basi wananyamaza, wengine kwa miaka.

Mitaani wanasema kizazi kimeshuka. Hospitalini wataalamu huwa na maneno mengi zaidi, kwa sababu kinachoshuka si lazima kiwe kizazi. Ukuta wa mbele wa uke ukilegea, kibofu cha mkojo huinamia ndani yake. Ukuta wa nyuma ukilegea, sehemu ya mwisho ya utumbo hufanya hivyo hivyo. Hata mwanamke aliyeondolewa kizazi anaweza kuipata hali hii. Hali hupangwa kwa madaraja manne: la kwanza mwenyewe huenda hata asijue, la pili kimefika karibu na mlango wa uke, la tatu kimetokeza nje, la nne kimetoka chote.

Na ni hali ya wengi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake zaidi ya 1,000 katika wilaya za Hai, Rombo na Same mkoani Kilimanjaro. Karibu 65 katika kila 100 walikutwa na daraja la pili au zaidi, na kwa 6 hadi 7 katika kila 100 kilikuwa kimetokeza nje waziwazi. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wenye umri wa miaka 35 na kuendelea, waliozaa mara nyingi, wakulima, wafanyabiashara wadogo na wanaobeba mizigo mizito kwa saa nyingi. Utafiti ulikuwa wa Kilimanjaro, lakini anayeusoma akiwa Ujiji, Mwandiga au Kasulu atawatambua wanawake hao mara moja.

Kizazi hushikiliwa na vitu viwili. Juu kuna kano zinazokifunga kwenye mifupa ya nyonga, na chini kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi wa nyuma. Madaktari hupenda kufananisha hali hii na chombo kilichofungwa gatini, na mtu wa ziwani ataelewa haraka kuliko yeyote: maji ndiyo yanayobeba chombo, kamba zinakizuia tu kisiende. Maji yakikauka, uzito wote unazishukia kamba, na siku moja zinalegea. Misuli ya nyonga ndiyo hayo maji. Uzazi wa njia ya kawaida huivuta kupita kiasi, na kwa wanawake wengine huing'oa kabisa kwenye mfupa, hasa uchungu ukiwa mrefu, mtoto akiwa mkubwa, au mama akihimizwa kusukuma kabla njia haijafunguka. Umri unaongeza yake, kwani hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hupungua na nyama za uke hukonda. Kinachobaki ni msukumo wa kila siku kutoka juu: mzigo, kikohozi, choo kigumu.

Hapo ndipo tiba isiyo ya kisu inapoanzia, na ndipo ushauri mwingi unapokosea njia. Mwanamke huambiwa afanye mazoezi, akafanya dakika kumi kitandani, kisha akaenda kubeba ndoo tano. Mazoezi hayawezi kuushinda mzigo usiopungua. Anayetaka nafuu ya kweli aanze kwa kuhesabu anachonyanyua kutwa nzima, na hesabu hiyo aifanye pamoja na watu wa nyumbani kwake, kwa sababu wao ndio watakaolazimika kuchukua sehemu yake.

Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu mawili ya lita 10, yakibebwa kwa zamu au kwa mikono miwili, ni mzigo tofauti kabisa kwa nyonga, hata kama maji ni yale yale. Baiskeli ibebe maji, na kijana wa kiume mwenye miaka kumi na mitano naye abebe. Mwaloni beseni lisijazwe pomoni. Afadhali safari ya ziada. Hatari kubwa haiko sana njiani, iko pale mzigo unapotoka chini kwenda kichwani. Mama aliyeko peke yake huinama kwa kiuno, hukaza pumzi, hulitupa beseni magotini, kisha hulizungusha kwa mgongo hadi kwenye ngata. Kwa sekunde hizo mbili tatu tumbo zima linasukuma chini. Akiwa na mwenzake wa kumtwika, au akiwa ameliweka beseni juu ya meza au ukingo unaofika kiunoni, msukumo huo hupungua sana. Kama hana budi kuliinua, apige goti moja, alisogeze mzigo karibu na mwili, abane misuli ya chini kwanza, kisha ainuke huku akitoa pumzi. Kutua nako ni vivyo hivyo: amwite mtu amtue.

Uanikaji nao una namna yake. Dagaa wakitandazwa kwenye vichanja vya kufika kiunoni hukauka bila mchanga, hupata bei nzuri zaidi, na mgongo wa mwanikaji haukunjwi kutwa nzima. Kichanja kimesifiwa mara nyingi kwa ajili ya ubora wa dagaa. Ni haki kisifiwe pia kwa ajili ya mwili wa mama.

Sasa mazoezi yenyewe. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuyahusu mwaka 1948, na jina lake limebaki. Yanahitaji maelekezo mazuri kuliko yanavyopewa, kwa maana wanawake wengi wakiambiwa wabane, hubana matako, hukaza mapaja, au husukuma chini badala ya kuvuta juu, na wanaosukuma wanajiongezea tatizo. Mama alale chali, magoti ameyakunja, tumbo limelegea. Abane kama anayezuia kujamba mbele za watu, na wakati huo huo kama anayezuia mkojo. Akifanya sawasawa, atahisi njia ya haja kubwa na uke vinajifunga na kupanda ndani. Matako hayaondoki kitandani, mapaja hayatikisiki, na anaweza kuongea bila kukatika pumzi. Akitaka uhakika, aingize kidole kisafi ukeni: kinapaswa kubanwa na kuvutwa juu. Kidole kikisukumwa nje, anakosea.

Mwanzoni wengine hawawezi kushikilia zaidi ya sekunde tatu, na hilo lisiwavunje moyo. Abane kwa kadiri awezavyo, aachie kabisa kwa muda ule ule, arudie mara nane hadi kumi. Kisha abane kwa haraka na kuachia mara kumi. Hiyo ni awamu moja, na kwa siku zinatakiwa tatu. Kidogo kidogo afikie kushikilia sekunde kumi. Akishazoea amelala, afanye amekaa, halafu amesimama, kwa kuwa kizazi humsumbua akiwa amesimama. Kuachia ni muhimu kama kubana. Msuli uliokazwa kutwa huchoka na kuuma. Asiyafanye mazoezi haya kila siku kwa kuukatisha mkojo unaotoka, kwani tabia hiyo huzoesha kibofu kutojimwaga chote.

Katika Uingereza, New Zealand na Australia wanawake 447 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likifundishwa mazoezi haya na mtaalamu mmoja mmoja kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: baada ya mwaka mzima, waliofundishwa walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Muda ndio wa kuangalia hapo. Wiki mbili hazitoshi, na wengi huacha kabla ya mwezi kwa kuona hakuna kilichobadilika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa mfuko wa wanawake wa mwaloni ilikuwa miezi migumu, na hakuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo miezi mitatu bila mabeseni ya alfajiri inakaribia sana muda ambao misuli ya nyonga huuhitaji ili ianze kupata nguvu, na ziwa likifungwa tena mwenye tatizo hili anaweza kuupangia muda huo tangu siku ya kwanza.

Isemwe wazi pia kwamba mazoezi yana mpaka. Yanasaidia sana daraja la kwanza na la pili: uzito unapungua, mkojo unashikika, kinundu hakitokezi mara kwa mara. Kizazi kilichotoka chote hakitarudishwa na mazoezi, na anayeuziwa ahadi hiyo anaibiwa.

Kuna mbinu ndogo ambayo nguvu yake inazidi udogo wake: kubana kabla. Chafya inakuja, abane kwanza. Anataka kuinua mtoto, abane kwanza. Baada ya wiki kadhaa mwili unajifanyia wenyewe bila kukumbushwa.

Habari ya choo huonewa aibu, ila bila hiyo juhudi nyingine huenda na maji. Mtu anayekamua dakika kumi kila asubuhi anasukuma kizazi chini kwa nguvu kuliko beseni la dagaa. Choo cha kuchuchumaa kina faida yake, kwa kuwa mkao huo hunyoosha njia ya haja. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele na apumue, asikaze. Kinundu cha ukuta wa nyuma kikimzuia kumaliza, anaruhusiwa kukishikilia kwa kidole kisafi kutoka ndani ya uke au kubonyeza kati ya uke na njia ya haja kubwa. Wanawake wengi hufanya hivyo kwa siri wakidhani wana kichaa, kumbe ni njia ambayo madaktari wenyewe huipendekeza.

Chakula cha kulainisha choo kiko sokoni Mwanga na Mwandiga bila gharama kubwa. Ugali wa muhogo na dagaa peke yake hauna nyuzinyuzi za kutosha, kwa hiyo uongezewe maharage, ambayo Kigoma inayalima kwa wingi, pamoja na matembele, kisamvu, papai, parachichi na machungwa. Maji yanywewe ya kutosha, na asiyapunguze kwa kuogopa mkojo kumtoka, maana mkojo mzito hukichokoza kibofu na choo kinakuwa jiwe. Mwenye mwili mzito akipunguza kilo chache ataona tofauti. Kikohozi nacho kitibiwe. Moshi wa kuni na wa kuchemshia chikichi hukohoza watu mwaka mzima, na kinachozidi wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Baada ya kutwa mwaloni, dakika kumi na tano za kulala chali huku mto au kanga iliyokunjwa imewekwa chini ya makalio huondoa uzito haraka. Kwa wengi hiyo ndiyo dawa ya jioni.

Kwa aliyejifungua karibuni, Waswahili wa Ujiji na pwani nzima wamekuwa na kinga tangu zamani: arobaini. Siku 40 za mzazi kutunzwa, kupikiwa na kutobebeshwa kitu kizito kuliko mtoto wake zinalingana vizuri na wiki sita ambazo madaktari huziomba. Huko nyuma shangazi na bibi ndio walioisimamia. Siku hizi, kwa sababu ya ugumu wa maisha, mama anaonekana mwaloni wiki ya pili. Familia yenye uwezo wa kulinda jambo moja tu baada ya uzazi, ilinde hilo. Kumkanda mzazi kwa maji ya uvuguvugu hakuna shida, ila kumkalisha juu ya maji ya moto kumeunguza wengi. Na kufunga tumbo kwa kanga, ikikazwa mno, msukumo unateremka kule kule kwenye misuli iliyojeruhiwa. Ilegezwe kiasi cha mkono kupita. Uzazi unaofuata usubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine, na uzazi wa mpango ni sehemu ya tiba hii kama yalivyo mazoezi.

Ipo orodha ya vitu ambavyo wanawake huambiwa waviweke ukeni ili kizazi kipande: shabu, ndimu, ugoro, mizizi iliyosagwa, majani yaliyotwangwa. Hakuna hata kimoja kinachoweza kukaza kano zilizolegea, kwa sababu kano ziko ndani ambako dawa hiyo haifiki. Kile anachokihisi mtu kama kukaza ni ngozi laini inayoungua na kukauka. Baadaye huja vidonda, usaha na maambukizi, na daktari hulazimika kuvitibu hivyo kwanza kabla hata ya kugusa tatizo lililomleta. Wanaouza dawa hizi hutumia neno asili, lakini kupunguza mzigo, kula maharage na kukaza misuli uliyozaliwa nayo ndivyo vya asili kuliko unga wa kwenye kichupa.

Kati ya mazoezi na upasuaji kuna kifaa ambacho wanawake wengi hawajawahi kukisikia: pesari, pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo vilivyoshuka. Wazo lake ni la kale sana. Matabibu wa Ugiriki walitumia komamanga. Ya leo hupimwa na mtaalamu hadi ipatikane inayomfaa mtu, ambayo akikaa, akitembea na akikohoa haidondoki wala haimuumi. Mwanamke anaweza kufundishwa kuitoa mwenyewe, kuiosha kwa maji na sabuni ya kawaida, kulala bila hiyo usiku mmoja na kuirudisha asubuhi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliojihudumia hivyo waliishi vizuri sawa na waliorudi kliniki kila mara, tena wakapata matatizo machache zaidi. Asiyeweza kuitoa arudi kituoni kila baada ya miezi michache, kwa sababu pete iliyosahaulika hula nyama. Si kila kituo kinazo, hivyo ni busara kuulizia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, na kumwuliza hapo hapo mtaalamu wa fiziotherapia kama anaweza kumfundisha mazoezi.

Tendo la ndoa halikatazwi. Kizazi kilichoshuka daraja la chini hakiharibiwi nalo, na asubuhi au baada ya kupumzika huwa rahisi zaidi. Mume akielezwa hilo na mhudumu wa afya, woga mwingi unaondoka ndani ya nyumba.

Kuna siku ambazo habari ya kujitunza inawekwa kando na safari ya hospitali inaanza mara moja: mkojo ukigoma kabisa, kilichotoka kikikataa kurudi hata mama akilala na kukirudisha taratibu kwa mkono safi, rangi yake ikigeuka nyeusi, kukiwa na kidonda, usaha, homa au damu. Kikiwa nje, njiani kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Damu yoyote baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, ipimwe saratani ya mlango wa kizazi bila kusubiri, kwa kuwa si kila kinundu ni kizazi kilichoshuka. Na anayevuja mkojo mfululizo usiku na mchana tangu alipojifungua huenda ana fistula, ambayo mazoezi hayaitibu. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huitibu bila malipo, na ng'ambo ya mpaka Hospitali ya Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha Dk. Denis Mukwege, inajulikana kwa kuwapasua wenye fistula na walioshuka kizazi pia.

Upasuaji si adui. Kwa daraja la tatu na la nne mara nyingi ndio unaompa mtu maisha yake, ila baada yake mabeseni yakirejea kama zamani, kizazi nacho huweza kushuka tena. Ndiyo maana yale ya mwaloni na ya chooni hayakwepeki hata kwa aliyepasuliwa.

Anayekwenda kupimwa kwa mara ya kwanza amwambie mhudumu idadi ya uzazi wake, saa ambayo kinundu hutokea, kama mkojo na choo vinatoka vyote, na kazi anayoifanya kutwa. Ana haki ya kuomba mhudumu wa kike, chumba chenye pazia na mtu wa kumsindikiza. Na aende mchana au jioni baada ya kazi, asiende asubuhi akiwa ametoka kulala, maana akilazwa chali kinundu huwa kimejirudia ndani na ataambiwa hana kitu. Hilo likitokea, aombe apimwe tena akiwa amesimama, huku akikohoa.